Tuhesabu siku, tusihesabu kadi peke yake

Kila inaposomwa taarifa ya bima ya afya kwenye vikao vya halmashauri, hesabu huwa ni ileile: kaya zilizoandikishwa, asilimia ya lengo, kata inayoongoza na kata inayoburuza mkia. Ni hesabu nzuri na ina kazi yake. Ila ipo moja ambayo sijawahi kuisikia ikisomwa, nayo ndiyo ningeitaka kuliko zote. Tangu mtu aanze kujisikia vibaya mpaka anaingia mlango wa zahanati, zimepita siku ngapi?

Nilikuwa muuguzi katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini mkoani Dodoma, Bahi na Chamwino, mpaka nilipostaafu. Swali langu la kwanza kwa kila mgonjwa lilikuwa, "Umeanza kuumwa lini?" Mwenye kadi ya bima mara nyingi alinijibu, "Jana usiku, nesi," au "Tangu alfajiri." Asiye na kadi aliangalia chini kwanza, ndipo akasema, "Kama wiki hivi." Ugonjwa uleule, kijiji kilekile, njia ileile ya vumbi. Nilifika mahali nikawa naweza kukisia nani ana kadi kabla hajaitoa mfukoni, kwa kusikia tu hesabu ya siku zake.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya bima ya afya ni kumtoa mtu nyumbani mapema. Kulipa bili ni kazi ya pili. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote hapahapa Dodoma Novemba 2023, na sheria hiyo inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Inaposhuka vijijini, naomba tuipime kwa kipimo hicho.

Wapo wanaodhani mtu wa kijijini huchelewa kwa ujinga au kwa kuamini uchawi. Mimi nimeishi nao na nimewasikiliza. Kinachomchelewesha ni hesabu anayoipiga usiku, mtoto wake akiwa anahema kwa shida kwenye mkeka. Baba anahesabu bodaboda kwenda na kurudi. Anahesabu hela ya kumwona daktari, kipimo cha damu, kipimo cha mkojo na dawa. Halafu anafika kwenye neno linalomtisha kuliko yote: rufaa. Wakisema apelekwe hospitali ya Mvumi, au hospitali ya General mjini, atalipa nini? Nani atamsindikiza, atakula nini, atalala wapi?

Nataka wakubwa wanaopanga viwango walielewe hili. Bei yenyewe siyo inayomzuia huyu baba. Angeambiwa ni elfu nane, angetafuta elfu nane kwa jirani kabla jogoo hajawika. Kinachomfunga ni kutoijua bei. Hajui kama itakuwa elfu nane au laki mbili, na amesikia habari za watu waliobakizwa wodini kwa deni, na za maiti zilizozuiwa mpaka ndugu wachange. Habari hizo si porojo. Mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilitaja jambo la kuzuia maiti kwenye kampeni zake na kuahidi kulipiga marufuku. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo haendi hospitali, anasubiri.

Kusubiri kwenyewe kuna ratiba yake, nami naijua. Siku ya kwanza ni majani ya mwarobaini. Siku ya pili ni Panadol za dukani. Siku ya tatu mama anakwenda duka la dawa, ananunua kapsuli nne za rangi mbili badala ya dozi nzima, kwa sababu nne ndizo hela inazotosha. Homa inashuka kidogo, watu wanapumua. Siku ya tano inarudi na nguvu mpya, na hapo ndipo jogoo anauzwa au mbuzi anapelekwa mnadani. Mtoto akifika kwangu, kile kikohozi ambacho kingeisha kwa dawa ya siku chache kimekuwa nimonia ya kulazwa. Kadi ya bima inaikata ratiba hiyo mwanzoni kabisa, kwa sababu inaifuta hesabu ya usiku. Baba hahitaji kujua bei. Anahitaji kujua kadi iko wapi.

Nitaeleza habari ya mama mmoja, maana kwake niliona miaka miwili ya mtu yuleyule, mwaka mmoja ana kadi na mwaka mwingine hana. Alikuwa mkulima wa alizeti na karanga, miaka hamsini na kitu. Presha yake tuliigundua kwa bahati, siku aliyomleta mjukuu kliniki. Krismasi ile mwanawe akaja kutoka Dar es Salaam, akamlipia kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, shilingi 30,000 kwa kaya kwa mwaka. Mwaka wote ule mama yule hakukosa mwezi. Alikuja asubuhi na kanga yake ya pili kichwani, akaketi kwenye benchi na wenzake wa presha na kisukari, nikampima, akachukua vidonge, akauliza habari za wanangu, akaenda zake shambani. Kipimo chake kilishuka, kikatulia.

Januari iliyofuata mwanawe hakuja. Kadi ikaisha muda. Januari kwetu ni mwezi wa palizi na ghala limebaki na debe la mwisho la uwele, hakuna anayeuza chakula. "Nitakata nyingine tukiuza alizeti," aliniambia. Februari hakuja. Machi nikamtuma mhudumu wa afya wa kijiji akamuulize. Akajibu kwamba hajambo, haumwi popote, na hela ya kununua vidonge dukani hana. Presha hainyimi mtu usingizi, na maradhi yasiyouma ndiyo ya kwanza kukosa bajeti. Mei, alizeti ikiwa bado imesimama shambani, wakamleta kwenye tela la ng'ombe. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, mkono wa kulia umelegea kabisa. Tulimkimbiza mjini. Alipona kwa maana ya kuwa hai, lakini jembe hakushika tena. Familia iliuza ng'ombe wawili na sehemu kubwa ya mavuno yale yale waliyokuwa wakiyasubiri ili wakate kadi.

Kati ya kadi iliyoisha Januari na mavuno ya Juni palikuwa na miezi mitano. Elfu thelathini ilikosekana katika miezi hiyo mitano tu. Miezi mingine yote ingepatikana.

Niliyoyaona mimi yamepimwa pia na wataalamu. CHF ilianza kama jaribio wilayani Igunga, Tabora, mwaka 1996, kabla ya kuwekewa sheria yake mwaka 2001. Utafiti uliofanywa hukohuko Igunga na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wanachama walikuwa wepesi zaidi kwenda kutibiwa wanapougua kuliko majirani zao wasio wanachama. Ulionyesha pia kwamba kipato cha kaya ndicho kilichoamua nani ajiunge, na maskini ndio waliobaki nje.

Marekani nako, shirika la utafiti la RAND lilifanya jaribio kubwa kati ya mwaka 1974 na 1982. Familia zilipangwa kwa bahati nasibu, nyingine zitibiwe bure, nyingine zichangie sehemu ya gharama. Waliochangia walikwenda hospitali mara chache zaidi, kama ilivyotarajiwa. Cha kuzingatia ni hiki: walipunguza matibabu wasiyoyahitaji na wakapunguza vilevile waliyoyahitaji. Mgonjwa si daktari, hawezi kujua kikohozi kipi ni cha kupita na kipi ni cha hatari. Na kundi lililonufaika waziwazi na matibabu ya bure lilikuwa la watu wa kipato cha chini wenye presha. Presha yao ilidhibitiwa vizuri zaidi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama wa alizeti.

Basi tukubaliane kwamba bima humtoa mtu nyumbani. Swali linalobaki ni kwa nini, baada ya miaka yote hiyo, Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa takribani asilimia 15 tu sheria ilipopitishwa mwaka 2023. Hapo ndipo huwa nasikia kwenye semina kwamba wananchi hawana elimu ya bima. Dodoma ingekuwa na haki ya kukasirika ikisikia hivyo. Mkoa huu ndiko CHF iliyoboreshwa ilikoanza kujaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, chini ya mradi wa Tuimarishe Afya uliofadhiliwa na Uswisi. Waandikishaji walipita nyumba kwa nyumba na simu mkononi wakipiga watu picha. Zamani kadi ya CHF ilikufunga kwenye kituo kimoja. Iliyoboreshwa ilikuwezesha kuanza zahanati na kufuata rufaa mpaka hospitali ya mkoa. Mwaka 2018 mpango huo ukapelekwa nchi nzima. Watu wa huku wameisikia elimu ya bima kuliko wengi. Wakiacha kukata kadi, wana sababu, na sababu zao zinasikika ukikaa nao.

Sababu ya kwanza ni dawa. Mzee mmoja nilipomuuliza kwa nini hakurudia kadi yake aliniambia hivi: "Mwanangu, mwaka jana nilikwenda na kadi mara tatu. Mara mbili niliandikiwa dawa nikanunue dukani. Sasa nimelipa elfu thelathini ili nipewe karatasi?" Sikuwa na la kumjibu. Zahanati aliyoisema siitaji, kwa sababu muuguzi wa pale hakuwa na kosa lolote. Rafu zake zilikuwa tupu, na yeye ndiye aliyebaki kusema "hamna" kutoka asubuhi mpaka jioni. Lakini neno hilo moja halikuishia kwa mzee. Jumamosi alikwenda mnada wa Msalato, na mnadani watu hawazungumzii bei ya ng'ombe peke yake. Mpaka jioni vijiji kadhaa vilijua kwamba kadi haina dawa.

Uganda wana somo kwetu hapa. Walifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001 na watu wakajaa, hasa maskini. Lakini gharama zinazofilisi kaya hazikupungua kwa maskini haohao, na watafiti waliona kwamba huenda sababu kubwa ni dawa kukosekana vituoni na watu kulazimika kuzinunua nje. Dodoma tulijaribu kuliziba pengo hilo sisi wenyewe. Mwaka 2014 mkoa ulianza mpango wa Jazia: dawa ikikosekana Bohari ya Dawa, vituo vyote vya mkoa vinaagiza kwa mshitiri mmoja aliyeshinda zabuni, kwa bei iliyokubaliwa. Nimefanya kazi kabla ya Jazia na baada yake, na nasema bila kusita kwamba mwezi ambao oda ya mshitiri ilifika kwa wakati, benchi langu lilijaa. Mwezi ambao oda ilikwama, kwa sababu kituo hakikuwa na fedha au makaratasi yalichelewa, benchi lilikonda na daftari la waandikishaji likakonda nalo. Atakayeandikisha kijiji kwenye bima kabla ya kuhakikisha rafu ina dawa atawaandikisha mwaka mmoja tu.

Sababu ya pili ni msimu. Mfanyakazi wa serikali hakatiwi bima kwa kuamua. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uanze kazi mwaka 2001, mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake na nusu ya mwajiri, hutoka kabla mshahara haujamfikia. Mkulima wa Dodoma mshahara wake unategemea mvua moja, inayoanza Desemba na kuishia Aprili. Fedha anaiona kuanzia Juni mpaka Septemba, akishauza alizeti, karanga na mtama. Wa zabibu ana bahati kidogo, huvuna mara mbili. Januari mpaka Machi ni miezi ya njaa, na ndiyo miezi ambayo watoto wanakohoa na barabara zinakatika. Kumdai mtu huyo mchango mwezi wowote kadi yake inapoisha ni kumtoa kwenye bima huku tukijua.

Dawa yake si ngumu. Kadi za wakulima ziwe na mwaka mmoja wa pamoja unaoanza Julai, na ukusanyaji ufanyike Juni na Julai, mwandikishaji akiwa mahali alizeti inapopimwa na chama cha ushirika, AMCOS, kikiwa kinalipa wanachama wake. Rwanda, ambayo bima yake ya jamii ilianza kwa majaribio mwaka 1999 na leo inafunika zaidi ya watu 8 katika kila 10, mwaka wake wa bima huanza Julai, na watu wengi huweka akiba ya mchango kidogo kidogo kwenye vikundi vyao. Sisi tuna VICOBA kila kitongoji. Wanawake wa VICOBA wanaojua kununua hisa kila wiki hawatashindwa kuweka shilingi mia kadhaa za kadi. Na kadi ya mtu ikiisha kabla ya mavuno, apewe muda mpaka mavuno huku akiendelea kutibiwa. Wenye maduka kijijini hukopesha mpaka alizeti iuzwe, na wanalipwa.

Sababu ya tatu ni kiwango na idadi. Muswada wa sheria ya bima kwa wote ulipoletwa mwaka 2022, kiwango kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka. Nakumbuka jinsi watu walivyonyamaza nilipowatajia kwenye mkutano wa kijiji. Mtu aliyekuwa akihangaika na elfu thelathini alikuwa ameambiwa zaidi ya mara kumi yake. Wakati wa kupanga viwango, tafadhali mpangaji aje akae siku moja Machi kwenye kijiji cha Bahi kabla hajaandika namba.

Na hiyo kaya ya watu sita imetoka wapi? Kaya nyingi za Kigogo nilizozihudumia zina bibi, baba, mama, watoto watano na mjukuu aliyeachwa na mama yake aliyekwenda mjini kutafuta maisha. Nilikuwepo siku mwandikishaji alipofika kwenye kaya ya namna hiyo. Watoto walisimama ukutani wapigwe picha kwa simu, wameoshwa miguu, wanacheka. Alipoambiwa mwisho ni sita, mama aligeuka akaniuliza, "Nesi, nimwache yupi?" Kisha akaamua mwenyewe. Aliwaingiza wanaokohoa mara kwa mara, akawatoa wenye afya. Mama yeyote angefanya vile.

Lakini ona tulichokifanya. Kanuni yetu imemfundisha kuleta wagonjwa na kuwaacha wazima, halafu mfuko unalalamika kwamba watu wanajiunga wakiwa wagonjwa. Ndivyo ilivyotokea kwa Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi walisubiri mtoto augue ndipo wamkatie, mfuko ukaelemewa, na Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, wazazi wakaelekezwa shuleni, mpaka baadaye ukarudishwa. Wazazi hawakuwa wabaya. Milango ya kuingilia ndiyo iliyojengwa vibaya. Kaya iandikishwe yote, iwe na watu wanne au tisa, na mchango upangwe kwa uwezo wa kaya. Wazima wakiingia pamoja na wagonjwa, mfuko utasimama.

Wapo pia wasioweza kulipa chochote, na hao ndio ninaowahofia zaidi. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Msamaha huo umeokoa watu wengi na ninauheshimu. Ila mzee asiye na kitambulisho anaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, anakwenda kwa mtendaji, anatafuta barua, anafika kituoni na kuulizwa maswali mbele ya vijana. Nimewaona wazee waliolima nchi hii wakisimama mbele ya dirisha wakieleza umaskini wao kwa sauti ya chini. Wengine waliona bora wabaki nyumbani. Mzee wa namna hiyo akipewa kadi inayofanana na ya kila mtu, hana tena la kueleza. Sheria ya 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo na ikataja vyanzo, vikiwamo ushuru wa vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Orodha za kaya maskini tunazo tayari kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Hao ndio wawe wa kwanza kupewa kadi. Tusisubiri mpaka wenye uwezo wamalize kujiunga.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kupuuzwa. Wanasema ukiwarahisishia watu matibabu watajaa vituoni kwa mafua, wataazimana kadi, na mfuko utafilisika. Wanakumbusha Machi 2024, pale NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei na baadhi ya hospitali kubwa binafsi zikaacha kupokea kadi zake, wagonjwa wakarudishwa mlangoni. Ni kweli, mfuko usiojiweza ni hatari kwa mgonjwa kuliko kutokuwa na mfuko, maana anafika akiwa na matumaini na kuondoka bila tiba. Kuazimana kadi nako kupo na kukomeshwe.

Lakini tuziangalie gharama zenyewe. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambayo tangu mwaka 2018 inapandikiza figo. Najivunia hospitali hiyo kama Mtanzania na kama muuguzi. Wengi wa wanaofika kwenye kusafishwa damu au kupandikizwa figo walianza safari yao kwa presha au kisukari kilichoachwa bila dawa miaka mingi. Kidonge cha presha cha kila siku ni bei ya chini kabisa kwenye duka la kituo. Kusafisha damu mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yote, hakuna mfuko wa nchi maskini unaokustahimili kwa wengi. Anayetaka mfuko usifilisike awaombee watu waje kwa mafua. Katikati ya hao wa mafua nitampima mmoja presha na kumkuta na mia na themanini, na nitakuwa nimeokoa figo zake, nguvu zake za kulima na fedha za mfuko kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ninawaomba waheshimiwa wabunge, ambao ukumbi wao uko mwendo mfupi tu kutoka vijiji hivi, na ninamwomba kila mkurugenzi wa halmashauri wa Dodoma: taarifa ya bima ya kila robo mwaka iwe na mistari mitatu zaidi. Wa kwanza, katika wagonjwa waliolazwa, wangapi walifika ndani ya siku mbili za kuugua, wenye kadi na wasio nayo. Wa pili, wagonjwa wa presha na kisukari wangapi walirudi kuchukua dawa kila mwezi bila kukosa. Wa tatu, siku ngapi dawa muhimu zilikosekana kwenye rafu ya kila kituo. Wauguzi wanaweza kuuliza na kuandika hayo kwa kalamu ileile wanayoandikia sasa. Mkoa uliotangulia kwa CHF iliyoboreshwa na kwa Jazia hauna sababu ya kusubiri kuambiwa na wizara.

Na kwenu majirani zangu mnaovuna: alizeti ikishapimwa mwaka huu, toeni hela ya kadi kabla ya hela ya kitu kingine chochote, mwandikisheni kila aliye nyumbani kwenu kanuni itakapowaruhusu, na mkiikuta rafu ya zahanati haina dawa, msirudi nyumbani kimya. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji mkaulize imekwama wapi, mkiwa na kadi zenu mkononi, kwa sababu mmeshalipa.